Daftari la Yatima: Wamennonite wa Urusi, Kilimo Chao na Nyaraka Zao

Mkoani Mara jina la Wamennonite si geni. Tangu mwaka 1934, wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo walipofika Shirati, kando ya ziwa na karibu na mpaka wa Kenya, watu wa sehemu hizo wamezoea kulisikia likitajwa pamoja na hospitali, shule na matibabu ya ukoma. Mwaka 1967 Zedekia Kisare aliwekwa wakfu, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo nchini Tanzania. Habari za kanisa la Mara si shabaha ya makala hii. Wenyewe wanazijua kuliko sisi. Tunakusudia kumfuata nyuma mtu mmoja aliyehusika na mwanzo wake, naye ni Orie Miller, Mmarekani aliyefuatana na Elam Stauffer kuja Tanganyika kutafuta mahali pa kuanzia kazi. Miaka 14 kabla ya safari hiyo, mwaka 1920, Miller alikuwa amekwisha kusafiri safari nyingine ngumu zaidi. Alifika Halbstadt, kijiji kilichoko kusini mwa nchi ambayo leo ni Ukraine, kuwachukulia msaada Wamennonite wenzake waliokuwa wamekamatwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jamii aliyoikuta huko ilikuwa imekaa katika nchi ile kwa zaidi ya miaka 100, nayo ilikuwa na desturi zake za ardhi, za kilimo na za kuwatunza wasiojiweza. Desturi hizo zinatufaa kuzichunguza kwa sababu mbili. Kwanza, ziliandikwa, ni jamii chache za wakulima zilizoandika mambo yao madogo madogo kwa bidii kama hiyo. Pili, maandishi hayo hayawasifu wenyewe tu, bali yanaonyesha pia mahali ambapo huruma yao ilikoma.

Asili yao tutaieleza kwa ufupi. Mwezi Januari 1525, mjini Zurich, watu wachache walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema kwamba ubatizo wa mtoto mchanga asiyejua imani si ubatizo. Kwa kufanya hivyo walivunja sheria ya kanisa na ya serikali kwa pamoja, na wafuasi wao wengi waliuawa kwa kuchomwa moto au kutoswa majini. Menno Simons, aliyekuwa padri wa Kikatoliki katika Friesland, aliacha upadri mwaka 1536 akawakusanya waliotawanyika. Kutokana na jina lake wakaitwa Wamennonite. Hawakukubali kushika silaha wala kula kiapo. Wale wa Uswisi na Ujerumani ya kusini baadaye walivuka bahari kwenda Pennsylvania, na kutoka tawi hilo ndiko walikotoka waliokuja Mara. Wale wa Uholanzi walikimbilia mdomo wa mto Vistula, katika Poland, wakawa mashuhuri kwa kukausha vinamasi na kujenga matuta ya kuzuia maji. Sehemu hizo zilipoingia mikononi mwa Prussia, wafalme wa huko waliona kwamba kila shamba linalomilikiwa na Mmennonite ni shamba lisilotoa askari, wakawazuia kununua ardhi zaidi. Hapo ndipo Malkia Katarina wa Pili wa Urusi, aliyekuwa akitafuta wakulima wa kujaza nyika za kusini alizozipata kutoka kwa Waturuki na watawala wa Krimea, alipowaita.

Kundi la kwanza lilifika Chortitza, kando ya mto Dnieper, mwaka 1789. La pili, lililokuwa kubwa zaidi, lilianza kukaa Molotschna, kaskazini ya Bahari ya Azov, mwaka 1804. Kila familia ilipewa desyatina 65, yaani kama hekta 71. Hati ya Mfalme Paulo wa Kwanza ya mwaka 1800 iliwaahidi uhuru wa dini na kwamba hawataingizwa jeshini kamwe. Walijenga vijiji vya mtaa mmoja mrefu, nyumba na zizi chini ya paa moja, bustani mbele na mashamba nyuma. Vijiji vya Molotschna hatimaye vilikaribia 60.

Lakini nyika ile haikuwa tupu, ingawa wageni waliihesabu hivyo, kama walowezi wengi wa mahali pengi walivyohesabu ardhi waliyoikuta. Wanogai, wafugaji Waislamu wenye asili ya Kitatari, walikuwa wakilisha mifugo yao katika sehemu hizo. Tutarejea kwao.

Kwa habari ya kilimo, hapana budi kumtaja Johann Cornies (1789–1848). Kuanzia mwaka 1830 yeye alikiongoza Chama cha Kilimo cha Molotschna, na kwa kuwa serikali ya Urusi ilimwamini, chama hicho kilikuwa na nguvu za amri, si za ushauri tu. Cornies aliona kwamba adui mkubwa wa mkulima wa nyikani ni ukame. Akaagiza sehemu ya shamba ipumzishwe kila mwaka, lakini isiachwe iote majani: ilimwe na kusafishwa majira yote ya joto ili udongo uhifadhi unyevu kwa mbegu za msimu unaofuata. Mkulima wa Dodoma au wa Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi faida ya jambo hilo. Kila mwenye shamba alitakiwa pia kupanda miti ya matunda, ya kivuli na ya miforosadi kwa ajili ya viwavi wa hariri. Aliyezembea aliandikwa, akaonywa. Na aliyezidi kuzembea aliweza kunyang'anywa shamba akapewa mwingine. Mazao yaliongezeka, hapana shaka. Wengi walimlalamikia, na hapo pia hapana shaka: watu waliokimbia amri za wafalme waliona ajabu kuamriwa na ndugu yao mahali pa kupanda mti.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike makala hii. Shamba la desyatina 65 halikuruhusiwa kugawanywa. Wakati huo huo, desturi ya mirathi waliyotoka nayo Vistula ilitaka watoto wote wapate sawa, wa kike kama wa kiume. Amri hizi mbili zinapingana waziwazi. Shamba moja, watoto wanane: utawapaje wote sawa bila kulikata? Jibu lao lilikuwa chombo walichokiita Waisenamt, nasi tutakiita Ofisi ya Yatima.

Ofisi hiyo haikuwa nyumba ya kulelea watoto. Ilikuwa meza, sanduku la fedha na madaftari, chini ya wazee waliochaguliwa. Kwao yatima hakuwa yule tu aliyefiwa na wazazi wote wawili. Baba au mama mmoja akifa, watoto waliandikwa. Walezi waliteuliwa kutoka nje ya nyumba ya marehemu ili kusimamia haki za watoto, na mjane naye aliwekewa mtu wa kusema kwa niaba yake. Kisha mali yote ilihesabiwa na kuthaminiwa: nyumba, ng'ombe, farasi, plau, mkokoteni, kabati, vyombo, nafaka ghalani, na madeni pia. Nusu ilikuwa ya mume au mke aliyebaki. Nusu ya pili iligawanywa sawasawa kwa watoto. Mmoja wa warithi, au mjane mwenyewe, alilichukua shamba likiwa zima, akawa na deni kwa wengine. Mjane au mgane hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena mpaka fungu la watoto liwe limeandikwa.

Fedha za watoto ziliwekwa katika ofisi, na ofisi iliwakopesha wakulima kwa riba. Mtoto alipotimiza umri alipewa fungu lake pamoja na faida yake. Yafaa tulitazame jambo hili vizuri, maana ni rahisi kulipita. Katika vijiji vingi duniani yatima ni mtu wa kuhurumiwa. Anakula kwa jamaa, analala kwa jamaa, na akikua anaambiwa afadhali ashukuru. Katika vijiji hivi yatima alikuwa mdai. Mkulima mwenye shamba zuri na vinu vya kusagia huenda alilima kwa fedha za msichana wa miaka saba aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yake kwenda shule, na jina la msichana huyo lilikuwa katika daftari juu ya jina la mkopaji. Huruma ilikuwapo, bali haikuachiwa peke yake.

Msomaji wa pwani aliyezoea elimu ya mirathi atatambua mara moja kwamba hapa napo kuigawa mali ya marehemu kulihesabiwa kuwa jambo la dini, wala si la ukoo pekee, ijapokuwa mafungu yenyewe ni tofauti. Msomaji wa bara atakumbuka baraza la wazee wa ukoo likiketi baada ya matanga. Tofauti iliyo kubwa ni karatasi. Mzee wa baraza huyakumbuka maneno ya marehemu. Ofisi hii iliyaandika mbele ya mashahidi, na mlezi aliyekula mali ya mtoto aliweza kuonyeshwa mstari.

Hata hivyo, daftari lina kingo. Aliyeandikwa ndani yake alikuwa na haki. Asiyeandikwa hakuwa nayo. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo wale waliopokea fedha badala ya ardhi walivyozidi kuwa wengi, na fedha za fungu la nane hazinunui shamba. Walikuwa mafundi, wapangaji na vibarua katika vijiji vya baba zao. Kufikia miaka ya 1860 zaidi ya nusu ya familia za Molotschna hazikuwa na shamba. Na kwa kuwa kura katika mkutano wa kijiji ilikuwa ya mwenye shamba, hawakuwa na sauti ya kulibadilisha jambo hilo. Matajiri walikuwa wamekodi ardhi ya akiba ya jamii kwa bei nafuu, hawakupenda iguswe. Hatimaye wasio na ardhi waliwapita wazee wao, wakaiandikia serikali. Mwaka 1866 serikali ikaamuru ardhi ya akiba igawanywe na mashamba madogo yaruhusiwe, na waliokuwa nayo wapewe kura. Baada ya hapo jamii ilijirekebisha kwa namna ya kusifika: kodi za ardhi ya pamoja zilitumika kununua maeneo mapya mbali, na vijana wasio na ardhi wakapelekwa huko kuanzisha vijiji vyao. Lakini yatupasa tuseme wazi kwamba watu waliokataa upanga kwa miaka 300 walihitaji amri ya mfalme ili wagawiane ardhi na ndugu zao.

Vibarua wa Kiukraine na Kirusi waliofanya kazi mashambani na jikoni mwao walikuwa nje ya daftari kabisa.

Katika miaka ya 1870 serikali ya Urusi ilianza kuwataka wanaume wote watumikie jeshi. Ahadi ya mwaka 1800 ikawa mashakani. Watu kama 18,000 waliondoka kwenda Marekani na Kanada, na miongoni mwao jamii ya Bergthal ilihama karibu yote kwenda Manitoba. Walihama na Ofisi yao ya Yatima, sanduku na madaftari, nayo ikasaidia katika gharama za safari za maskini. Wale waliobaki walipatana na serikali: kuanzia mwaka 1881 vijana wao walipanda na kutunza misitu badala ya kuwa askari, na gharama za kambi zililipwa na jamii yenyewe. Katika vita vilivyoanza mwaka 1914 maelfu yao walitumikia wakiwa wauguzi, wengi katika garimoshi zilizobeba majeruhi.

Utunzaji nao uliendelea kukua. Katika miaka ya 1880 walianzisha shule ya watoto viziwi, iliyohamia baadaye kijiji cha Tiege. Hospitali zilijengwa. Mwaka 1909 ilifunguliwa huko Halbstadt nyumba ya kuwafunza wanawake uuguzi. Na muda mfupi kabla ya vita jamii zilichanga kwa pamoja kujenga Bethania, hospitali ya wagonjwa wa akili, katika zama ambazo mahali pengi mgonjwa wa namna hiyo alifungiwa chumba cha nyuma. Utaona kwamba njia ni ile ile ya zamani: mchango uliopangwa, hesabu iliyoandikwa, wasimamizi waliochaguliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliyavunja mengi ya hayo. Majeshi yalipishana vijijini mara nyingi. Mwaka 1918, wakati wa utawala wa majeshi ya Ujerumani, vijana wengi wa Kimennonite walishika bunduki kujilinda, wakaliacha fundisho la Menno. Na mwaka 1919 watu wa Nestor Makhno walipovamia, mamia ya Wamennonite waliuawa. Homa ya matumbo na ile ya chawa zikafuata, kisha njaa ya mwaka 1921 na 1922. Huko Marekani makundi ya Wamennonite yasiyopatana kwa mengi yaliungana mwezi Julai 1920 kuunda kamati ya msaada, na kamati hiyo ndiyo iliyomtuma Miller pamoja na vijana wenzake wawili. Yeye na Clayton Kratz walifika Halbstadt mwezi Oktoba. Miller alirudi Constantinople kufuata shehena, Kratz alibaki. Jeshi Jekundu likaingia, Kratz akakamatwa, wala hakuonekana tena.

Ilichukua zaidi ya mwaka mzima wa mashauriano na serikali mpya kabla jiko la kwanza la kamati kufunguliwa, mapema mwaka 1922. Maelfu walilishwa kila siku. Kwa kuwa farasi walikuwa wamechukuliwa na majeshi au wamekufa, kamati ilipeleka trekta 50 za Fordson ili mashamba yalimwe tena. Msaada wa chakula pasipo msaada wa kilimo waliuona kuwa nusu ya kazi. Kuanzia mwaka 1923 hadi 1930 watu kama 20,000 walihamia Kanada, wengi kwa mkopo wa nauli kutoka kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Deni hilo lilimalizwa mwaka 1946. Hata waliokuwa na uwezo walichangia deni la wasio nao.

Na Ofisi za Yatima? Zile za Manitoba ziliishi mpaka karne ya 20, na zilikufa vibaya. Zilikuwa zimeanza kupokea akiba za watu wote na kukopesha kwa dhamana ya ardhi. Baadhi ya waumini walipohamia Mexico na Paraguay katika miaka ya 1920, kwa kuukataa utaratibu mpya wa shule, walitaka fedha zao. Bei za mazao na za ardhi zikaporomoka. Na katika miaka ya 1920 na 1930 ofisi kadhaa zilifilisika. Waliopoteza ni pamoja na wale ambao ofisi iliundwa kwa ajili yao. Tunaliandika hili kwa sababu kuna waandishi wanaopenda kuyaacha masimulizi ya chombo hiki mahali yalipo mazuri.

Madaftari yenyewe hayakupotea. Mengi yamo Winnipeg, katika hifadhi ya nyaraka ya Wamennonite, na wanaoyatafuta majina ya mababu huyafungua hadi leo. Mwalimu wa historia angeweza kufundisha mengi kwa ukurasa mmoja wa orodha ya mali ya marehemu: ni ng'ombe wangapi, nani anadaiwa, kitambaa gani kilikuwa na thamani ya kuandikwa.

Nyaraka za Molotschna zina kisa kirefu zaidi. Kuanzia mwaka 1917, nchi ikiwa inatikisika, mwalimu mmoja aitwaye Peter Braun alipewa kazi ya kukusanya maandishi ya jamii: barua za Cornies, majalada ya ofisi ya wilaya, kumbukumbu za shule na za Chama cha Kilimo. Alikusanya wakati wa vita, wakati karatasi ilikuwa ikichomwa ili watu waote moto. Mwaka 1929 wakuu wa Kisovieti waliyachukua yote. Kwa muda wa miaka 60 Wamennonite waliamini kwamba yameangamizwa. Mwaka 1990 mwanahistoria Harvey Dyck wa Kanada aliyakuta Odessa, katika hifadhi ya serikali, yamepangwa na kutunzwa, zaidi ya kurasa 100,000. Yalipigwa picha za filamu ndogo ili nakala zisomwe nchi nyingine, na majuzuu ya barua za Cornies yametolewa kwa Kiingereza tangu mwaka 2015. Serikali iliyoivunja jamii ndiyo iliyoyahifadhi maandishi yake, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo wala ya kulifanya shukrani.

Katika kurasa hizo malalamiko ya wasio na ardhi yamo. Amri za kupanda miti zimo, na barua za waliozikataa. Wanogai nao wamo. Maelfu yao walihama mwaka 1860 kwenda katika milki ya Waturuki, na malisho yao yakapewa wakulima wengine. Namna walivyolisha mifugo yao, walivyooa na walivyozika, tunaisoma sana katika maelezo yaliyoandikwa kabla ya hapo, katika miaka ya 1820, na jirani yao mmoja mwenye kondoo wengi, Johann Cornies.